Kufasiri Kinanda: Tulivyoisikiliza "Suite gothique" Mbale

Ni nadra ukurasa huu kuzungumzia muziki usiokuwa na maneno. Lakini wanafunzi wetu wa tafsiri walipopewa kazi ya kufasiri majina ya sehemu nne za "Suite gothique", utunzi wa Mfaransa Léon Boëllmann wa mwaka 1895 kwa kinanda cha mabomba peke yake, mjadala ulichacha hata tukaona haufai kuachwa darasani.

Tuliusikiliza kwanza katika chumba kimoja cha Industrial Division, Mbale, jirani na mafundi wa kuchomelea vyuma, kwa spika ndogo ya simu. Wengi wakatoa hukumu kuwa sehemu ya nne, Tokata, ni kelele za vidole tu, wakapendekeza iitwe "Mbio".

Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Katika Tokata vidole vinakimbia juu, lakini wimbo wenyewe unapigwa kwa miguu, kwenye kanyagio, na sauti nene kiasi hicho spika ya simu haiwezi kuzitoa. Tulikuwa tumesikia pambo tukakosa wimbo. Juma lililofuata tuliazima spika kubwa, na msemaji mkuu wa "Mbio" akakaa kimya mpaka mwisho.

Aliyetusaidia zaidi ni mwanafunzi kutoka Jinja, aliyetukumbusha bigwala, pembe za vibuyu za Wasoga, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kila pembe hutoa sauti moja tu, na wapigaji watano au zaidi hupokezana hadi wimbo ukamilike. Bomba la kinanda nalo hutoa sauti moja tu. Tofauti ni kwamba kwenye bigwala mpigaji mmoja asipofika, wimbo una pengo. Kwenye kinanda mtu mmoja huyaamuru mabomba yote. Tangu hapo darasa liliacha kusema "kinanda" kavukavu, maana vijana wakisikia neno hilo hufikiria kile cha umeme cha kwaya. Tunasema "kinanda cha mabomba".

Kuhusu majina: "suite" tumeiita "mfuatano". Sehemu ya tatu, "Prière à Notre-Dame", mmoja aliifasiri "Sala katika Kanisa la Notre-Dame". Hapana. Sala hiyo inaelekezwa kwa Bikira Maria, na Boëllmann mwenyewe alikuwa mpiga kinanda wa kanisa jingine la Paris, Saint-Vincent-de-Paul. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote: polepole, bila kujionyesha. Minueti, ya pili, inatuchosha kidogo. Tena ni ngoma ya majumba ya wafalme wa karne ya 17, ilhali makanisa ya Kigothi yalijengwa karne nyingi kabla. Ugothi wa utunzi huu, basi, ni vazi la kuazima, na mfasiri asilivue: "Mfuatano wa Kigothi" ubaki hivyo hivyo.

Boëllmann alifariki mwaka 1897, akiwa na miaka 35.

Jina la Tokata bado halijaafikiwa. Wanaoshikilia "Mbio" tumewaomba waisikilize tena, safari hii wakifuata miguu.