Bega la Kuli na Mnazi Wangu

Riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1979, nimeisoma tena barazani kwangu hapa Baleni. Enzi zangu katika chuo cha ualimu niliwafundisha wanachuo kuwa ni kisa cha matajiri wenye roho mbaya. Nilikosea. Makuli wa bandari ya Unguja, waliogoma mwaka 1948, waliajiriwa na kampuni, nayo kampuni haina roho, njema wala mbaya. Haisikii kilio cha mtu mmoja. Husikia kazi ikisimama. Hapo Shafi ameona mbali.

Namlaumu kwa jambo moja. Kuli ana bega tu, unyonge wake waonekana upesi. Je, sisi wenye mali? Huku Mafia mtu humiliki minazi hata katika ardhi isiyo yake, akajiona bwana. Mimi mmojawapo. Msimu mmoja nilipeleka mbata zangu kwa mnunuzi. Bei imekwisha kupangwa Dar es Salaam, mizani ni yake, gunia ni lake. Nilirudi na sukari kilo mbili.

Kuli angegoma. Mimi ningemgomea nani, mnazi wangu?