Pongezi kwa Ushirika wa Uamsho

Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 moto wa uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misheni, ukaenea hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika.

Ushirika wa waumini uliozaliwa na uamsho huo nauvulia kofia kwa kuwapa wenye dhambi mahali pa kusema kweli. Ndugu wanapokutana, mmoja husimama na kutaja kosa lake bila kuzungukazunguka: nimemdanganya mke wangu, nimeiba sukari ya mwajiri, namchukia jirani. Hafukuzwi. Wenzake humwimbia wimbo wa sifa wa Tukutendereza, humkumbatia, naye huenda kurudisha alichoiba. Hata katika enzi za ukoloni, mmisionari Mzungu na Mwafrika waliombana radhi mbele ya watu.

Neema ya Kristo haisubiri mtu atakate kwanza. Humpokea alivyo, kisha humbadilisha. Ndugu wa uamsho wameliishi neno hilo kizazi baada ya kizazi. Hongereni sana, na Mungu awatie nguvu muendelee kuwainua walioanguka.