Pa Kukaza na Pa Kulegeza: Kulitambua Gari Lililofungwa Vizuri kwa Kuvutwa

Barabara ya Taifa namba 5 inateremka kutoka Bukavu kwa makona ya Ngomo hadi Kamanyola, inakata tambarare ya Ruzizi kupitia Luvungi na Sange, inaingia Uvira, halafu inabanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika ikielekea Makobola, Mboko, Baraka na Fizi. Land Cruiser ikifa injini huko kusini, si rahisi kupata lori la kuibeba mgongoni. Inarudi mjini ikitembea kwa magurudumu yake yote manne, nyuma ya lori lililokuwa linapita na mzigo wake. Kutoka Baraka hadi Uvira ni karibu kilomita 90, na kilomita hizo zinatosha kumtenganisha fundi na mtu mwenye nyundo.

Wengi huona gari linalovutwa ni aibu ya kumalizwa upesi. Mimi naona ni kazi kamili ya ufundi, na mtu yeyote anaweza kujifunza kuikagua kwa macho na mikono kabla lori halijaondoka. Marekani wapo wanaoifanya kwa starehe: gari kubwa la kulala ndani linatangulia, Jeep Wrangler inafuata nyuma ikiwa tupu, na bamba la kuvutia lilishafungwa kwenye shasi siku nyingi kabla ya safari. Wanaipenda Wrangler kwa sababu transfa yake ina nafasi ya katikati inayoyaachia magurudumu yazunguke bila kuisumbua giaboksi. Wao wanavuta gari zima, sisi tunavuta bovu, lakini vipimo vya kazi nzuri havibadiliki.

Kipimo changu cha kwanza hakihusu unene wa chuma. Naangalia pa kukaza na pa kulegeza. Kila kiungo katika mfungo huu ama kinatakiwa kushika bila kucheza hata kidogo, ama kinatakiwa kucheza bila kukwama. Fundi dhaifu huvichanganya: hulehemu mahali palipotakiwa kugeuka, na huacha pini ikigongagonga mahali palipotakiwa kutulia.

Anza chini. Lala chali chini ya pua ya gari utazame chuma cha kuvutia kimeshika wapi. Land Cruiser za 70, zile za HZJ78 na HZJ79 tulizozoea kuziona zikiwa na nembo za mashirika ya misaada, zina shasi yenye mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Mvuto unatakiwa uingie kwenye mihimili yote miwili kwa usawa. Bampa haihesabiki. Vilevile vikulabu vyembamba vya mbele ambavyo magari mengine huja navyo: viliwekwa ili gari lifungwe lisihamehame melini, na mshtuko mmoja wa shimo unaweza kuving'oa. Ukikuta mnyororo umezungushwa kwenye bampa, au chuma kimeshikwa na mhimili mmoja tu, usiendelee kukagua. Mwambie fundi aanze upya.

Matundu ya bolti yatobolewe ubavuni mwa mhimili, katikati ya kimo chake. Mhimili unapopinda, mkazo mkubwa unakaa kwenye kingo za juu na za chini, katikati panatulia. Tundu la ukingoni ni mwanzo wa ufa, na ufa wa shasi hauonekani mpaka umeshakuwa mrefu. Upande wa pili wa bolti pawe na bamba nene la kuegemea, ili nati isizame kwenye bati. Kisha soma kichwa cha bolti. Iliyoandikwa 8.8 inajulikana nguvu yake, na ya 10.9 inaizidi. Bolti isiyo na namba yoyote inafaa kufungia mlango wa kibanda.

Sasa mshono wa kulehemu. Hapa nakawia, kwa sababu hapa ndipo rangi hudanganya. Chuma kilichopakwa rangi asubuhi ileile ya safari nakitilia shaka. Naomba kikwanguliwe kwenye viungo. Mshono mzuri una mawimbi madogo yanayofuatana kwa mwendo mmoja, umeyashika mabamba yote mawili, na kando yake hakuna mfereji uliochimbwa na moto. Mfereji ule, hata ukiwa mwembamba kama ukucha, unapunguza unene wa bamba mahali penye mkazo kuliko pote. Umeme ukipanda na kushuka wakati wa kazi, chuma cha fito kinayeyuka lakini kile cha chini hakiyeyuki, na mshono unabaki umekaa juu tu bila kuingia ndani. Gonga kando yake kwa nyundo ndogo: mshono wa namna hiyo mara nyingine huachia palepale, na heri uachie garajini. Vitundu vidogo vidogo ni dalili ya unyevu. Karibu na ziwa, fito za kulehemu zikiachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa, hasa zile za namba 7018 zinazosifiwa kwa nguvu. Ukiingia garajini ukamkuta fundi anazitunza kwenye kopo lenye kifuniko na kuzikausha kwa moto kabla ya kazi, umeshajua nusu ya unachotaka kujua kumhusu.

Umbo linalofaa ni la pembe tatu: miguu miwili kwenye gari, kichwa kimoja kwenye lori. Nguzo moja iliyonyooka inahitaji mtu akae ndani, ashike usukani na kukanyaga breki, na kazi hiyo ni ya hatari kuliko inavyoonekana. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser hizi imezimika, kwa hiyo pampu ya kuvuta hewa inayosaidia breki haifanyi kazi. Dereva anakanyaga mara mbili au tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe mbele yake huku nyuma ya lori inamkaribia. Usukani nao unakuwa mzito. Pembe tatu inamtoa mtu huyo ndani ya gari. Magurudumu ya mbele, yakiwa huru, hufuata yenyewe kwa sababu ya mlalo wa ekseli uliotengenezwa tangu kiwandani. Ufunguo lazima ubaki mahali ambapo usukani haujifungi, na waya wa betri ufunguliwe ili betri isife njiani. Kabla ya kuondoka, sukuma tairi la mbele kwa mguu uone usukani unageuka. Nimewaona watu wakisahau jambo hili dogo, na tairi la mbele likaburutwa kiubavu mpaka nyuzi zikatokeza.

Chuma kikishafungwa, rudi nyuma hatua chache ukitazame kwa ubavu. Kiwe kimelala, au karibu kulala. Tofauti ya kimo kati ya gari na lori isizidi upana wa kiganja. Kulabu ya lori kwa kawaida iko juu kuliko shasi ya gari. Chuma kikipanda sana, lori linapofunga breki gari linasukuma na pua yake inataka kuzama chini ya sanduku la lori. Dawa yake ni bamba la kushushia kulabu, lililotiwa mbavu za pembeni lisipinde. Mafundi wengi huliruka kwa sababu linakula chuma na saa mbili za kazi. Asiyeliruka mlipe bila kubishana.

Kisha shika kichwa cha chuma kwa mikono miwili. Kipandishe, kishushe, kipeleke kushoto na kulia, halafu ujaribu kukisokota. Huo msokoto ndio unaosahaulika. Mito inayoshuka kutoka Mitumba huacha mawe barabarani kila masika. Mafuriko ya Aprili 2020, yaliyobomoa nyumba kwa maelfu Uvira, yalionyesha nguvu iliyomo kwenye mto Mulongwe na wenzake. Lori linapovuka pa namna hiyo linalalia upande mmoja wakati gari la nyuma linalalia mwingine. Pete ya mviringo ndani ya kulabu inakubali kusokotwa. Uma bapa wenye pini moja haukubali. Unakwenda vizuri kabisa kwenye tambarare ya Ruzizi, halafu unapasuka kwenye kijito cha kwanza.

Hapo nimezungumzia chuma tu. Magari mengi mazuri yanauawa na kitu kisichoonekana kabisa: giaboksi. Gari limeondoka Mboko likiwa na injini mbovu, linafika Uvira likiwa na injini mbovu na giaboksi iliyoungua. Sababu yake ni hii. Magurudumu ya nyuma yanapozunguka, yanaizungusha kardani, nayo inazungusha mhimili wa kutolea nguvu ndani ya transfa na giaboksi. Lakini mhimili wa chini, ule unaochovya meno yake kwenye oili na kuirusha juu, unategemea injini, na injini imelala. Kwa hiyo mhimili wa juu unazunguka ukavu. Kuweka gia huru kunasaidia kwa mwendo wa kufika garaji ya jirani. Kwa kilomita 90 hakutoshi.

Fundi anayejua anaitoa kardani ya nyuma, na mbele anafungua loki za magurudumu, zigeuzwe hadi FREE, zote mbili. Mtazame anavyoitoa. Kwanza anapiga alama kwa patasi au rangi kwenye flanji zote mbili na kwenye kiungo cha splaini, ili irudi ilivyokuwa na isije ikatetemesha gari baadaye. Anafunga kipande cha mpira wa tyubu kwenye sehemu inayoteleza, vumbi lisiingie. Bolti nne za kila upande anazirudisha kwenye matundu yake na nati zake, hazitupi mfukoni. Kardani anailaza ndani ya gari na kuifunga. Anayeifungua upande mmoja na kuuning'iniza kwa waya amefanya kazi mbaya kuliko kutoifanya: waya ukikatika kwa mwendo, kardani inachoma ardhi na kulipindua gari.

Jambo moja la kuangaliwa sana: kwenye Land Rover Defender za zamani na Land Cruiser za zamani za 40, breki ya mkono iko nyuma ya transfa, inaishika kardani yenyewe. Kardani ikitoka, breki ya mkono imetoka nayo. Vuta mkono upendavyo, gari linateremka. Jiwe chini ya tairi liwekwe kabla bolti ya kwanza haijaguswa, na lisiondolewe mpaka pini ya kuvutia imeingia na kufungwa waya.

Prado za 120 na 150 ni habari nyingine. Zinaendesha magurudumu yote wakati wote na hazina loki mbele, na nyingi zina giaboksi ya otomatiki ambayo pampu yake ya oili inazungushwa na injini. Ama kardani zote mbili zitoke, ama gari libebwe. Fundi anayekuambia Prado inaweza kuvutwa kwa kuwekwa nyutro tu, mshukuru na utafute mwingine.

Minyororo ya akiba iwe miwili, ipite kwa kukingamana chini ya chuma, ili kichwa kikichomoka kiangukie juu ya makutano yake badala ya ardhini. Iwe na ulegevu wa kutosha kona kali, isiburuze. Shakili ziwe na uzito ulioandikwa mwilini, 3.25 t au 4.75 t, na pini zake zifungwe waya. Taa za nyuma za gari linalovutwa ziwake kwa waya kutoka kwenye lori, au safari iwe ya mchana tu. Kitambaa chekundu kining'inizwe katikati ya chuma, kwa ajili ya wamotari wanaopenda kupita kati ya magari mawili wakidhani kuna nafasi.

Lori liwe zito kwa mbali kuliko gari, kwa sababu chuma hiki kinavuta na kinasukuma pia. Land Cruiser tupu inapita tani mbili, na breki zake zimelala pamoja na injini. Tambarare ya Ruzizi inashawishi mwendo; kilomita 40 kwa saa zinatosha. Kupanda na kuteremka Ngomo kwa mfungo huu sikushauri hata kwa kazi bora kabisa. Baada ya kilomita kumi simamisha lori, pitisha kiganja kwenye vitovu vya magurudumu manne kuhisi joto, na kaza kila bolti upya, kwa sababu rangi na kutu vilivyokuwa chini ya bamba vimeshasagika na bolti imepata nafasi. Na kurudi nyuma kusahauliwe: magurudumu ya mbele yatageuka yenyewe hadi mwisho na kupinda chuma. Dereva wa lori aijue sehemu ya kugeuzia kabla hajaingia njia nyembamba.

Mwishoni, pale Uvira, tazama pini inavyotoka. Gari likiwa limezuiwa kwa mawe na lori likirudi kidogo tu kulegeza mkazo, pini nzuri inatoka kwa mkono. Inayohitaji nyundo imepinda, au tundu lake limekuwa na umbo la yai. Ingiza kidole kwenye tundu ulihisi, kisha upime upana wake kwa pande mbili. Likiwa limetanuka, kipande chote kikatwe na bamba jipya lilehemiwe mahali pake. Usikubali tundu lijazwe kwa fito na kutobolewa upya, hata kama ndiyo njia ya bei nafuu, kwa sababu ujazo ule ni mgumu pembeni na laini katikati, na safari ya pili utakatika.