Mashine Kinshasa, kirusi Katwa

Mliofuatilia mti wa jenomu za Ebola ya Kivu Kaskazini, 2018 hadi 2020, mnaujua ulivyopendeza: Mangina, Beni, Katwa na Butembo, kila eneo na rangi yake, kila tawi na ukoo wake. Kila nikiufungua napandwa na hasira.

Agosti 2018, siku chache baada ya mlipuko kutangazwa, GeneXpert, mashine ya kupima Ebola, ilikuwa imeshafika Beni. Mgonjwa alipimwa hapa hapa kwetu. Lakini kusoma jenomu kuliwekwa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege. Nani aliona hilo ni sawa? Piga hesabu. Jenomu ya Ebola ina herufi takriban 19,000, na kwa mwezi zinabadilika moja au mbili tu. Kutoka mgonjwa mmoja hadi anayefuata ni kama siku 15. Kwa hiyo wagonjwa wanaofuatana wanaweza kuwa na jenomu ile ile, na mti peke yake hauwezi kumtaja aliyemwambukiza mwenzake; unahitaji wafuatiliaji wa riposti, yaani timu za kupambana na mlipuko, waulize upya kijijini, watu wakiwa bado wanakumbuka nani alimuuguza nani. Sampuli ikikaa njiani wiki mbili, kizazi kizima cha maambukizi kimeshapita, na jibu linafika kama rambirambi.

Mtasema usalama. Ni kweli, vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Mbona GeneXpert ilibaki kazini katika mazingira yale yale? Katwa ilipata mashine ya kusoma jenomu baadaye, na hapo ndipo kazi ilipotakiwa kuanzia. Mwaka 2015 timu ya Joshua Quick na Nick Loman ilipanga MinION, mashine ndogo ya kusoma jenomu, kwenye mizigo ya safari kwenda Guinea kwenye mlipuko wa Ebola. Zilisomwa sampuli 142, na majibu yaliweza kutoka ndani ya saa 24. Wale walijua kazi. Lakini sisi wa Beni na Butembo tumezoea kuamuliwa na Kinshasa: kura zetu za Desemba 2018 zilisogezwa hadi Machi kwa kisingizio cha Ebola hiyo hiyo, na rais akaapishwa Januari bila sisi.

Upande wa kompyuta sina neno. Eddy Kinganda-Lusamaki wa INRB na Allison Black, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu Seattle, walitumia Nextstrain, programu ya kuchora mti wa jenomu, na jenomu mpya 744 zikachambuliwa. Kukadiria tarehe za matawi kwa TreeTime badala ya BEAST, iliyo ya polepole, kwa kazi ya haraka: chaguo sahihi. Jenomu hizo hizo ndizo zilizoonyesha kwamba mnyororo wa wagonjwa 91 ulianzia kwa mtu mmoja aliyepona kisha ugonjwa ukamrudia.

Somo lilieleweka? Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena, mgonjwa akiwa mama wa Biena, hapa Kivu Kaskazini. Maabara ya Butembo ilimthibitisha yenyewe. Lakini ili jenomu isomwe, sampuli zikapelekwa Kinshasa.