Wimbo wa Salama Rohoni na Machozi ya Waliofiwa

Kati ya nyimbo zilizomo katika Tenzi za Rohoni, ni chache zinazoimbwa penye msiba kama ule wa salama rohoni. Huimbwa kwenye mkesha, huimbwa mwili unapotolewa nyumbani, na huimbwa kaburini udongo ukishafukiwa. Wengi wetu tunaujua kwa kichwa. Kwa sababu hiyo hiyo ni vigumu kukaa nao chini na kuuliza unasema nini hasa, na unamtaka nini mtu aliyefiwa anapoutamka. Katika makala hii tunakusudia kuupima wimbo huu kwa Maandiko, kwa historia ya aliyeutunga, na kwa lugha yetu ya Kiswahili.

Jambo hili lina uzito, maana wakati mwingine wimbo huu hutumiwa kumnyamazisha anayelia. Mama amempoteza mtoto, analia kwa sauti, na mpendwa mmoja anamshika bega na kumwambia, "Nyamaza mama, mwenzako alipoteza wanne na bado akaimba." Neno hilo husemwa kwa nia njema. Lakini je, wimbo wenyewe unasema hivyo? Tunaamini hausemi. Ukisomwa vizuri, unamtegemeza mfiwa kwa njia nyingine iliyo imara zaidi.

Aliyeutunga na yaliyompata

Horatio Spafford alikuwa mwanasheria wa mji wa Chicago, Marekani, na rafiki wa mhubiri Dwight L. Moody. Moto mkubwa ulioteketeza mji huo mwezi Oktoba 1871 ulimletea hasara kubwa ya mali. Mwezi Novemba 1873 aliitanguliza familia yake kwenda Ulaya, naye akabaki nyuma kwa ajili ya shughuli zake. Meli waliyopanda, Ville du Havre, iligongana na meli nyingine katika Bahari ya Atlantiki usiku wa kuamkia tarehe 22 Novemba, ikazama kwa muda wa dakika 12 hivi. Watu 226 walikufa, na miongoni mwao mabinti wote wanne wa Spafford. Mkewe, Anna, aliokolewa. Alipofika nchi kavu huko Cardiff, alimpelekea mumewe telegramu kumjulisha kwamba amesalimika peke yake.

Sisi wa Tanzania hatuhitaji kuelezwa sana uchungu wa habari kama hiyo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, ikapoteza mamia ya watu. Zipo familia makanisani mwetu ambazo tarehe hiyo haijawahi kuwa siku ya kawaida tena.

Wimbo uliandikwa lini? Husimuliwa kwamba Spafford, akisafiri kumfuata mkewe, alijulishwa na nahodha kwamba wamefika mahali meli ilipozama, naye akayaandika maneno hayo akiwa baharini. Simulizi hiyo tumeipata kwa binti yake Bertha, aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya msiba. Lakini Ira Sankey, mwimbaji aliyefuatana na Moody katika mikutano ya Injili, aliandika kwamba wimbo ulitungwa mwaka 1876, yeye akiwa mgeni nyumbani kwa akina Spafford. Mwaka huo huo Philip Bliss aliutilia tuni, akaiita tuni hiyo kwa jina la meli ile. Kati ya masimulizi hayo mawili pana tofauti ya miaka ipatayo mitatu.

Hatulazimiki kuamua ni lipi lililo sahihi. Tunachoona ni kwamba simulizi la kwanza ndilo linalotolewa siku zote mbele ya waombolezaji, na ndilo linalowafanya wengi wadhani kwamba mwenye imani ya kweli hutoa jibu lake papo hapo. Kama Sankey ndiye aliyekumbuka vema, basi wimbo huu ni tunda la miaka ya kulia na kuomba, nyumbani mwenye vitanda vinne visivyolaliwa. Na kama Bertha ndiye mwenye habari kamili, basi baba yake alipewa neema ya pekee kwa saa ya pekee. Neema ya namna hiyo tunamshukuru Mungu kwayo. Hatuwezi kuigeuza kuwa deni la kila mjane na kila yatima.

Liko na jambo lingine ambalo halisimuliwi sana. Baada ya msiba wa meli, Mungu aliwapa akina Spafford mtoto wa kiume. Mtoto huyo alifariki mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 4, wakati wimbo umekwisha kuchapishwa na kuimbwa. Maneno ya wimbo hayakuwa kinga ya nyumba ile. Mwandishi wake alilazimika kuyaamini upya mbele ya kaburi lingine, kabla ya kuhamia Yerusalemu mwaka 1881 na kufia huko mwaka 1888.

Wimbo wenyewe unasema nini

Tukiziangalia beti za wimbo wa asili tutashangaa. Anayejua habari ya Spafford angetazamia kuwasikia mabinti wakitajwa. Hawatajwi. Meli haitajwi. Hakuna mahali mtunzi anapoeleza kwa nini Mungu aliruhusu jambo hilo, wala anapoahidi kwamba alichopoteza kitarudishwa maradufu. Ubeti wa kwanza unagusa huzuni, wa pili unagusa majaribu ya Shetani, kisha wimbo unaelekea msalabani na kukaa hapo. Ubeti wa tatu ni wa dhambi zilizogongomelewa msalabani, kama Mtume Paulo anavyofundisha katika Wakolosai 2:14. Ubeti wa mwisho unangoja kurudi kwa Bwana.

Kwa nini baba aliyefiwa na watoto aanze kusema habari za dhambi yake? Wengine wameona kwamba hapo wimbo unaacha njia. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo unapomgusa mfiwa pabaya panapouma. Msiba ukiingia nyumbani, swali la kwanza huwa, "Nimemkosea Mungu nini?" Na kama mfiwa mwenyewe hakuliuliza, jirani atamuulizia. Kwetu utasikia minong'ono ya laana ya ukoo, ya agano lililovunjwa, ya sadaka isiyotolewa. Akina Spafford nao hawakuepuka hayo. Binti yao anasimulia kwamba walikuwapo watu wa Chicago waliojiuliza ni dhambi gani iliyoleta misiba mingi hivyo katika nyumba moja.

Jibu la wimbo ni msalaba. Kama deni lote lilikwisha kulipwa pale, basi Mungu hakuja kulidai tena kwa kuwazamisha watoto. Mfiwa hajui sababu ya msiba wake, lakini anajua kwamba sababu si hiyo. Hilo ni jambo kubwa sana kulijua usiku wa manane. Hapo wimbo huu unaachana na mahubiri yanayompa mtu matumaini kwa kumwahidi gari jipya, mume mwingine, au biashara kubwa kuliko ile iliyofilisika. Tumaini la namna hiyo hufa siku ahadi isipotimia. Spafford aliliweka tumaini lake katika jambo lililokwisha kutendeka, ambalo moto na maji havikuweza kulifikia.

Neno salama katika lugha yetu

Kiswahili kimeuongezea wimbo huu kitu. Katika Kiingereza, ubeti wa kwanza una maji ya aina mbili: amani imefananishwa na mto, na huzuni na mawimbi ya bahari. Mfasiri wetu aliuacha mto, akachukua neno la mabaharia, shwari. Mvuvi wa Kilwa au wa Ukerewe anajua kwamba shwari ni hali ya leo tu. Asubuhi maji yametulia kama mafuta kwenye bakuli, alasiri upepo unageuka. Kwa kutumia neno hilo, mfasiri ameziweka amani na shida katika maji yale yale, na chombo ni kile kile. Aliyesafiri siku ya shwari ndiye anayesafiri siku ya tufani.

Tena angalieni neno rohoni. Mwimbaji hasemi kwamba nyumbani ni salama, wala baharini, wala mfukoni. Nyumbani kumebomoka na baharini kumemla mtoto. Anataja mahali pamoja tu ambapo pamesalia, naye anapataja kwa jina. Anayeuimba wimbo huu huku akijifanya kwamba kila kitu kiko sawa hajausikia bado.

Na salama yenyewe? Mtu akituuliza habari za nyumbani, tunajibu, "Salama, ila mtoto anaumwa." Au, "Njema tu, ila mzee tumemlaza hospitali." Hakuna Mswahili atakayesema kwamba mtu huyo amedanganya. Salama yake ni mlango. Akishaufungua, ile "ila" inaingia na habari yote inaelezwa. Anayeitikia salama yako kisha akaondoka kabla ya kusikia "ila" hajakujulia hali.

Mama wa Shunemu

Maandiko yanatuonesha jambo hilo hilo katika 2 Wafalme 4. Mwanamke wa Shunemu alipewa mtoto ambaye hakumwomba. Mtoto akaugua shambani, akafa adhuhuri magotini pa mama yake. Mama akamlaza juu ya kitanda cha nabii, akapanda punda, akaenda kumtafuta Elisha. Gehazi alipomkimbilia kumuuliza hali yake, ya mumewe na ya mtoto, mama alijibu kwa neno la Kiebrania shalom, lililo ndugu wa salama yetu. Mtoto alikuwa maiti wakati huo.

Lakini hadithi haiishii kwenye jibu hilo. Alipofika kwa Elisha alimshika miguu, akamwaga uchungu wake wote, akimuuliza nabii kama yeye ndiye aliyeomba apewe mwana. Gehazi alisogea ili amwondoe. Elisha akamkataza, kwa maana aliona kwamba roho ya mama ina uchungu, akakiri pia kwamba Bwana amemficha jambo hilo, hakumjulisha. Tazameni: mtu wa Mungu, aliyetenda miujiza, hakuona haya kusema kwamba hakufunuliwa. Na yule aliyetaka kumwondoa mama anayelia alikuwa mtumishi wa karibu kabisa, mwenye bidii ya kulinda heshima ya ibada.

Imani ya mama huyu ilikuwa katika salama aliyoitamka njiani, na pia katika machozi aliyoyamwaga miguuni pa nabii. Alimlilia yule aliyeamini kwamba anaweza kumsaidia. Mwanawe alifufuliwa, na mabinti wa Spafford hawakurudi. Wote wawili, hata hivyo, walisema salama kabla ya kujua mwisho utakuwaje.

Upungufu wa wimbo

Kwa haki ni lazima tuseme pia kile ambacho wimbo huu hauna. Hauna swali. Hakuna mahali mwimbaji anapomuuliza Mungu kwa nini, au mpaka lini. Zaburi zimejaa maswali hayo. Zaburi ya 13 inaanza nayo, na Zaburi ya 88 inamalizikia gizani bila neno la faraja mwishoni, na bado ni sala iliyowekwa katika Biblia ili tuiombe. Bwana wetu mwenyewe msalabani alichukua kilio cha Zaburi ya 22 kuwa chake. Kaburini kwa Lazaro alilia, ingawa alijua kwamba baada ya muda mfupi atamwita atoke (Yohana 11). Na Paulo, katika 1 Wathesalonike 4:13, hawakatazi waumini kuhuzunika. Anawakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini.

Upungufu huo hauuharibu wimbo. Wimbo mmoja hauwezi kubeba kila kitu, kama vile zaburi moja haibebi kila kitu. Hasara inakuja pale unapoimbwa peke yake, mapema, na kwa sauti kubwa, hata mfiwa akakosa nafasi ya kusema "ila" yake.

Basi tunashauri mambo machache kwa wanaoongoza ibada za msiba. Zaburi ya maombolezo isomwe kabla ya wimbo huu, ili kilio kitangulie kupata mahali mbele za Mungu. Ubeti wa msalaba usirukwe kwa ajili ya kuokoa muda, maana ndio unaobeba nyingine zote. Mfiwa asiyeweza kuimba asisukumwe. Kusanyiko limwimbie yeye akiwa amekaa kimya, mpaka siku atakayoweza kuungana nalo, hata kama ni baada ya miaka mitatu. Na habari ya Spafford ikisimuliwa, isimuliwe yote, pamoja na kaburi la mwaka 1880.

Warumi 12:15 inatuagiza kulia pamoja na waliao. Haikuweka kikomo cha siku arobaini. Wengi wa wale tunaowasalimia Jumapili mlangoni mwa kanisa watatujibu kwamba ni salama, nao watakuwa wamesema kweli. Tusubiri kidogo kabla ya kuuachia mkono. Bwana atujalie masikio ya kusikia na yale yanayofuata. Amina.