Tunajadili katiba bila kuifungua

Tangu Oktoba 2024, Raisi alipotangaza kule Kisangani kwamba ataunda tume ya wataalamu kwa kufikiria katiba mpya, nimefuata mijadala mingi ya redio na televisheni juu ya jambo hilo. Nasema wazi: mingi ilikuwa mechi. Unaweka komunikateri wa chama tawala upande huu, wa upinzani upande ule, kila mmoja amekuja na jibu lake tangu nyumbani. Sijasikia hata mmoja akimwambia mwenzake: hapo una haki.

Chukua hoja moja tu. Upande wa serikali walisema kifungu cha 217 ni hatari, juu kinaruhusu nchi kuacha sehemu ya mamlaka yake. Ni kweli kinaruhusu, lakini kwa mikataba ya kuleta umoja wa Afrika. Mtu anaweza kuogopa hata hivyo, zaidi sisi wa Mashariki wenye vita mlangoni. Sawa, ijadiliwe. Lakini kama ugonjwa uko kwa 217, kwa nini dawa iwe katiba nzima? Cha 218 kinaonyesha njia ya kurekebisha kipande kimoja, bila kugusa 220 ambacho kinafunga idadi na muda wa mihula ya Raisi. Swali dogo vile, hakuna mwendesha kipindi nilimusikia akiliuliza.

Eti katiba iliandikwa na wageni. Hata kama wageni walisaidia kalamu, ni Wakongomani waliipigia kura kwa referandumu ya Desemba 2005, na zaidi ya 80% wakasema ndiyo.

Upinzani nao wasijifiche. "Usiguse katiba" si hoja. Iliisha kuguswa Januari 2011, vifungu nane kwa mara moja, kati yao cha 71: duru ya pili ya uchaguzi wa Raisi ikaondoka. Bunge lilipitisha mbiombio, na wengi wetu tulikuja kuelewa maana yake 2018, mshindi alipotangazwa na asilimia 38 na kitu. Hoja ya kweli wanayo mfukoni: cha 219 kinakataza marekebisho yoyote wakati wa utawala wa dharura wa kijeshi, na Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini yake tangu Mei 2021. Wanaitaja mara moja moja, kisha wanarudi kwa matusi.

Habermas na wenzake waliandika vitabu vizito juu ya demokrasia ya kushauriana. Wazee wetu walikaa kwa barza. (Sisemi barza ilikuwa paradiso, vijana na wanawake mara nyingi walikuwa wanasikiliza tu.) Mfano unaonipendeza ni wa Ayalandi: mwaka 2016 walichagua raia 99 kwa kura ya bahati, wakawasikilizisha wataalamu wa kila upande, wakawakalisha meza ndogo ndogo kujadili sheria ya kutoa mimba. Swali lilienda kwa referandumu Mei 2018 na mabadiliko yakapita. Sisi wa agronomia tunaijua kazi hiyo. Kwa kupima udongo hauchote kwa kona moja ile mwenye shamba anapenda; unazunguka shamba lote, unachanganya, ndipo unapeleka kwa laboratware. Tume ya wataalamu peke yao ni udongo wa kona moja.

Kifungu hicho hicho cha 218 kinapatia raia 100.000 haki ya kupendekeza marekebisho kwa petisyo. Kwa sasa 219 imefunga njia, basi muda wa kusoma tunao. Mimi ningeanza na 71, mbali na 220: duru ya pili irudi ao isirudi? Inagharimu pesa, najua, na nchi ni kubwa. Leteni hoja, hata za kunipinga, ila kila mtu ataje kifungu.