Ghala la Harmondsworth: Uzuri Uliozaliwa na Kazi

Katika kijiji cha Harmondsworth, magharibi mwa London, lasimama ghala la mbao lililojengwa kati ya mwaka 1425 na 1427. Mshairi John Betjeman alilisifu kwa kuliita kanisa kuu la Middlesex, na wengi wameikariri sifa hiyo. Ni sifa tamu, lakini kwa maoni yetu yampotosha mtazamaji. Yalivika jengo heshima ya kuazima, ilhali lina heshima yake lenyewe.

Tulitazame kwanza umbo lake. Urefu wake ni karibu meta 58, na upana karibu meta 12. Safu mbili za nguzo za mwaloni zaigawa nafasi ya ndani katika njia tatu: moja pana katikati na mbili nyembamba pembeni. Kweli, makanisa mengi ya zama zile yalikuwa na mpango kama huu. Hata hivyo, nguzo hizi hazikuwekwa kwa ajili ya ibada. Paa ni pana na vigae ni vizito. Nguzo za ndani hupokea uzito huo ili kuta za ubao zisielemewe. Nazo zimekalishwa juu ya mawe, unyevu wa ardhi usije ukaziozesha. Ulimi wa boriti huingia katika tundu la nguzo, kisha kiungo hukazwa kwa misumari ya mti. Mihimili ya mshazari huizuia fremu nzima isiyumbe upepo uvumapo. Jicho hupenda mpangilio huu kwa sababu laona kila kipande kikimsaidia mwenziwe.

Pili, tuyaangalie matumizi. Mikokoteni iliingia kwa milango mikubwa mitatu, ikileta miganda kutoka mashambani. Miganda ilirundikwa pande zote hadi juu, na katika sakafu zilizoelekea milango wafanyakazi waliipura kwa magongo. Giza la ndani halikukusudiwa kumtia mtu unyenyekevu. Ni giza la mahali palipofunikwa ili mvua isiharibu nafaka. Shamba lilikuwa mali ya chuo cha Winchester, na mavuno yalikuwa pato la chuo hicho. Mhakiki anayeona kanisa tu huwasahau waliopura, na husahau pia nani alifaidi jasho lao.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi walimu wa Kiswahili. Tukimwambia mwanafunzi kuwa jengo hili ni “ghala” basi, tumemweleza nusu, maana ghala huhifadhi tu. Tukisema “banda”, tumelishusha hadhi. Afadhali tuseme “ghala la kupuria”: jina refu kidogo, lakini lenye kutaja kazi na kuwakumbusha wasomaji wafanya kazi.

Mwishoni mwa mwaka 2011 shirika la English Heritage lililinunua ghala hilo, na mwaka 2015 likafunguliwa tena baada ya matengenezo. Mbao zake nyingi ni zile zile za karne ya 15. Hazikudumu kwa kuwa zilifanana na kanisa, bali kwa kuwa mafundi walijua mzigo utakaobebwa, wakachagua mti ulioufaa na kuuunga barabara. Hicho ndicho kipimo ambacho ghala hili lastahili kupimwa kwacho.